Sehemu ya Ishirini na Tatu

“Siku tatu,” Everlyn alisema. “Siku tatu mashine hii inapika na sijaona hata moshi.”

“Haipiki,” Tsuma alimjibu bila kugeuka. “Inakompaili.”

“Inakompaili nini siku tatu, baba Jecinta? Dunia nzima iliumbwa kwa siku sita, na humo mlikuwa na nyangumi.”

“Mungu hakutumia kompyuta ya mwaka elfu mbili na saba.”

“Wala hakuwa na mke anayetaka kufungua duka.”

Tsuma alikuwa amekaa kwenye stuli, mikono magotini, akiitazama skrini nyeusi iliyokuwa ikitiririsha mistari ya herufi nyeupe kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayeutaja ukoo wake wote na hana nia ya kumruka hata mmoja. Kazi yake hasa ilikuwa ufundi umeme katika hoteli moja ya Diani. Alikuwa ameomba ruhusa ya siku mbili, Jumatano na Alhamisi, ili akae na mashine. Mkubwa wake alimuuliza nani anaumwa nyumbani, naye akajibu kwamba haumwi mtu, basi mkubwa akadhani ni siri ya ndoa na akampa ruhusa haraka.

“Iko wapi sasa?” Everlyn aliuliza.

“Sehemu ya ishirini na tatu.”

“Kati ya ngapi?”

“Mia moja na arobaini.”

“Na jana jioni ilikuwa wapi?”

Tsuma alikuna kidevu. “Ishirini na tatu. Lakini hii ndiyo kubwa kuliko zote. Hii ndiyo inayotengeneza hizo nyingine. Ni mama yao.”

“Basi mama huyu amepata uchungu tangu Jumatatu,” Everlyn alisema, “na mkunga amekaa kwenye stuli.”

Mzee mmoja alisimama mlangoni akiwa na fomu ya pensheni iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ametoka Majoreni kwa gari la alfajiri. Everlyn alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, akainyoosha fomu juu ya meza.

“Nitolee nakala mbili, mwanangu.”

“Mashine zimefungwa, mzee. Nenda ng’ambo ya barabara, duka la Waziri, naye anachapa. Mwambie nimekutuma mimi.”

“Wiki hii huyo kijana Waziri anasema kila mtu ametumwa na wewe,” mzee alisema, akiikunja fomu tena. “Anagawa peremende. Anasema ni za kukushukuru.”

Tsuma hakugeuka hata kwa hilo.

*

Yote haya yaliletwa na mstari mmoja mdogo kwenye kona ya skrini.

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake Tsuma, Bi Mbeyu, hapo Msambweni, kwenye barabara ya kwenda hospitali. Lilikuwa na kompyuta tano zilizotupwa na hoteli iliyofungwa, printa moja, na Everlyn, mwenye diploma ya uhazili na kasi ya maneno sabini kwa dakika. Biashara ilikuwa ya kuchapa barua, fomu na ratiba za mazishi, na ilikuwa imekonda, kwa kuwa watu siku hizi wana simu na wanafariki bila ratiba. Bi Mbeyu alikuwa amesema wazi: mwisho wa mwezi, kama duka halijasimama, chumba kinakwenda kwa muuza chipsi ambaye tayari alikuwa amekuja mara mbili kupima ukuta.

Ndipo likaja shirika la kufundisha wasichana ufundi. Wasichana ishirini na wawili, mafundi cherehani, walihitaji mahali pa kujifunza kompyuta kwa miezi minane. Afisa wa shirika, mwanamke wa Tiwi anayeitwa Kadzo, alikuja kukagua, akakaa mbele ya mashine ya kwanza, akaona ule mstari kwenye kona unaosema kwamba nakala hii ya mfumo si halali.

“Huu mfumo ni wa wizi,” alisema, kwa sauti ya mtu anayesema kwamba nje kuna jua. “Shirika haliwezi kuweka wasichana kwenye mfumo wa wizi. Nitarudi Alhamisi wiki ijayo, saa tatu asubuhi. Kama umebadilishwa, nawaandika. Kama bado, naandika wengine.”

Bi Mbeyu alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni, akichambua mchele. Hakuwa amewahi kusikia neno wizi likitajwa ndani ya nyumba yake isipokuwa kuhusu watu wa nyumba nyingine. Alinyanyuka na ungo wake akaenda nyuma, na kwa siku mbili akamjibu mwanawe kwa kichwa tu.

Kununua mfumo halali wa mashine tano hakukuwa ndani ya uwezo wao. Tsuma, aliyejifunza kompyuta kwa kuzifungua, alisema kuna mfumo wa bure, halali kabisa, ulioandikwa na watu wa dunia nzima na kuachwa wazi kila mtu achukue. Tatizo lilikuwa moja. Uliokwisha kutayarishwa ulikuwa wa mashine mpya. Zao zilikuwa za kizamani mno, hakuna tena aliyejisumbua kuzitayarishia. Lakini msimbo wenyewe, maandishi ghafi ya waandishi, ulipatikana wote. Mtu angeweza kuuteremsha na kuiachia mashine yake mwenyewe kazi ya kuugeuza, kipande kwa kipande, hadi uwe mfumo unaowaka. Ndiko kukompaili. Aliteremsha kila kitu kwa intaneti ya hotelini, akaja nacho nyumbani mfukoni, na Jumatatu alfajiri, kabla ya kwenda kazini, akaiwasha mashine yenye nguvu kuliko zote. Ikimaliza moja, nyingine nne zinanakiliwa; mfumo wa zamani alikuwa amekwisha kuufuta kwenye zote tano.

“Itachukua siku mbili,” alimwambia mkewe. Alisema kwa ule utulivu wa mwanamume aliyekwisha soma maelezo nusu.

*

Jumatano hiyohiyo, saa nne, Everlyn alivuka barabara akiwa na flashi mkononi. Ratiba ya harusi ya binti wa jirani yao Rai ilikuwa imeahidiwa kwa mchana, nakala sitini, na ahadi ilikuwa yake. Kwa Waziri kulikuwa na foleni ya watu saba. Watano aliwatuma yeye.

“Mama Jecinta,” Waziri alimwita kutoka kaunta, kwa sauti iliyofika hadi barabarani. “Karibu mbele. Wewe si mteja, wewe ni mdau.”

“Nitasimama nyuma.”

“Haiwezekani. Wallahi utanitia dhambini.”

Ikabidi apite mbele, mbele ya mzee wa Majoreni aliyekuwa akimung’unya peremende, na kusimama hapo akitazama kazi yake ikitoka kwenye printa ya mtu mwingine. Waziri aliichukua karatasi ya kwanza, akaisoma.

“Umepanga vizuri sana. Mkono wako naujua.” Akainamisha kichwa, akashusha sauti, jambo lililowafanya watu wote saba wanyamaze wapate kusikia. “Sikia, dada yangu. Mimi nina ileile nakala yenu, ila yangu nimeifutia ule mstari wa kona. Nikuwekee kwenye zile tano. Dakika ishirini kila moja. Huyo Kadzo si fundi. Anaangalia kona tu.”

“Na ukiufuta mstari inakuwa halali?”

“Inakuwa kimya.”

“Mume wangu amemwahidi mama yake kwamba kitu cha wizi hakitarudi mle ndani.”

“Mume wako,” Waziri alisema, akihesabu karatasi, “nimemwona jana kupitia dirishani. Amekaa mbele ya hiyo mashine kama mtu anayengoja posa ijibiwe. Nikasema, maskini, na ana mke mzuri.”

Watu wakacheka. Everlyn alizichukua karatasi zake sitini, akaweka pesa kwenye kaunta, na alipopewa peremende pamoja na chenji, akaipokea. Aliona ni afadhali aitafune kuliko kumwachia.

*

Alirudi akamkuta Tsuma amelala kwenye mkeka, mdomo wazi, mashine ikiendelea. Akakaa kwenye stuli na sahani ya mihogo ya nazi. Hakuwa na lingine la kufanya, kwa hiyo akasoma.

Everlyn hakujua maana ya mistari ile. Lakini alikuwa amechapa orodha za wanafunzi, za wapiga kura, za wanachama wa sako na za waliochangia matanga kwa miaka kumi na mmoja, na kuna kitu ambacho kazi hiyo inampa mtu: jina likipita mara ya pili, shingo inageuka yenyewe. Kulikuwa na jina moja refu, lenye namba mwishoni, ambalo lilipita alipokuwa kwenye kipande cha kwanza cha muhogo. Alipokuwa akinawa mikono likapita tena. Akachukua kalamu akaliandika kiganjani. Akapokea deni la fomu kutoka kwa msichana mmoja, akazungumza na mama wa mchicha, akarudi, akangoja. Likaja.

Alimgusa mumewe kwa kidole cha mguu.

“Huyu nimemwona mara tatu.”

“Nani?”

“Huyu hapa.” Akamwonyesha kiganja. “Anapita, anakwenda, anarudi. Hii mashine yako haiendi mbele, inazunguka nyumba.”

“Majina yanafanana, mama Jecinta. Ni kazi ya kitaalamu.”

“Amka.”

Alikuwa na sauti fulani ya neno hilo ambayo Tsuma aliijua tangu harusi. Akaamka. Akaangalia. Lilipopita mara ya nne, aliuma mdomo, akaanza kurudi nyuma katika mistari iliyokwisha kupita, mamia na mamia yake. Katikati ya mafuriko yale, kila baada ya hatua chache, kulikuwa na onyo dogo ambalo siku tatu hakuwa amelisoma, kwa kuwa lilifanana na mengine yote.

“Linasema nini?” Everlyn aliuliza.

“Linasema hizi faili zina tarehe ambayo bado haijafika.”

“Faili za kesho?”

“Za miezi mitatu ijayo.” Akabonyeza vitufe, mashine ikamwambia inachokijua. Kwa maoni yake, leo ilikuwa tarehe kumi na moja Juni.

“Lakini ni Septemba,” Everlyn alisema.

“Najua ni Septemba.”

“Mwambie yeye.”

Tsuma aliweka mikono kichwani, akaeleza polepole, zaidi kwa nafsi yake. Mashine inapofanya kazi hii huangalia tarehe. Ikiona maandishi ghafi ni mapya kuliko kilichotengenezwa nayo, hudhani mtu ameyabadilisha, hivyo inatengeneza upya. Yeye maandishi aliyafungua Jumatatu alfajiri, yakapewa tarehe ya kwanza Septemba. Kisha kuna saa ambayo mashine iliingia Juni. Tangu hapo kila inachokitengeneza ni cha Juni, na kila ghafi ni ya Septemba. Inamaliza, inaangalia, inaona ghafi ni mpya zaidi, inaanza tena.

“Kwa hiyo siku tatu inaosha sahani moja,” Everlyn alisema.

“Ndiyo.”

“Na wewe umekaa unaitazama ikiosha.”

“Ndiyo, mama Jecinta.”

Betri ndogo ya ndani ya mashine ile ilikuwa imekufa zamani. Stima ikipotea, mashine husahau siku, na ikirudi humtaka mtu aijazie mwaka, mwezi, tarehe na saa kabla ya kuendelea. Tsuma alikuwa amebandika karatasi ukutani yenye maelezo, na mwaka ameuandika mwenyewe kwa wino mwekundu. Jumatatu asubuhi stima ilipotea nusu saa. Tsuma alikuwa Diani. Everlyn alikuwa Ramisi, kwenye mkutano wa wazazi shuleni kwa Jecinta.

Wote wawili wakageuka kuutazama mlango wa nyuma, ambako kulisikika mbuzi ya nazi ikikwaruza.

“Muulize wewe,” Tsuma alinong’ona.

“Ni mama yako.”

“Wewe anakuheshimu.”

“Ananiheshimu kwa sababu sijamuuliza mambo kama haya.”

*

Bi Mbeyu alikuwa ameketi kwenye mbuzi, nazi nane zimekwisha kunwa, saba zinangoja. Maulidi ilikuwa Ijumaa na yeye ndiye aliyepewa wali. Everlyn alichuchumaa kando yake, akachukua kifuu akakiweka kando, kama dalili ya kusaidia.

“Mama, Jumatatu stima ilipokatika, nani aliiwasha mashine?”

“Mimi,” Bi Mbeyu alisema, na uso ukamng’ara. “Hamkuniambia hata asante. Nilivaa miwani, nikafuata karatasi. Mwaka, nikanakili wa mwanangu. Mwezi, tarehe, saa. Ikawaka yenyewe, ikaendelea na mambo yake. Nikasema kumbe si kitu.”

“Mwezi uliweka wa ngapi?”

“Wa sita.”

Tsuma, aliyesimama mlangoni, alikohoa. “Mama, huu ni mwezi wa tisa.”

“Wa tisa wa nani?”

Tsuma alianza kuhesabu kwa vidole.

“Leo ni Mfungo Sita, mwezi kumi, siku ya kumi tangu uandame,” Bi Mbeyu alisema, na mkono wake haukuacha kukuna. “Ramadhani ikatoka, ukaja Mfungo Mosi, Mfungo Pili, hivyo hivyo mpaka Sita. Sita ndiyo ya Maulidi. Jumatatu ilikuwa mwezi nane. Stima ilipotea nimeshika kalenda ya msikiti, nikaangalia hasa, ili nisikosee, nikaweka tisa, kwa sababu Lamu wao waliuona mwezi mapema, na Lamu ndio wanaojua.”

Everlyn alizaliwa kwa Wakamba wa Shimba Hills, akabatizwa, akakomunika, akaolewa nyumba hii na miaka kumi na minne hakuwahi kuulizwa Mfungo Sita ni lini. Alitazama chini ili asicheke, kwa kuwa akicheka ingekuwa ni mwisho wake na wa wali wa Ijumaa.

“Kompyuta inahesabu ile ya kizungu, mama,” Tsuma alisema kwa unyonge. “Januari, Februari.”

“Karatasi yako imeandikwa mwezi. Haikuandikwa wa kizungu.”

“Ni kweli, lakini…”

“Mmeniletea mashine ndani ya nyumba yangu, haijui hata Ramadhani ilitoka lini, na kosa ni langu.”

“Hakuna aliyesema kosa ni lako, mama,” Everlyn alisema. “Umeulizwa, umejibu. Aliyekaa siku tatu akiangalia bila kusoma ni huyu hapa.”

Tsuma alimtazama mkewe, akamtazama mama yake, akaona ni kweli, na kwamba ukweli huo ulikuwa ndio njia ya amani iliyobaki. “Kosa ni langu, mama. Nisamehe.”

Bi Mbeyu alikuna nazi hadi ikaisha, akaibwaga chini.

“Nimekusamehe. Lakini nilisema mwisho wa mwezi chumba kinakwenda. Na sasa mjue,” akaichukua nyingine, “mwezi wangu unakwisha kabla ya wenu.”

*

Ilibaki chini ya siku moja. Tsuma aliweka tarehe sawa, akafuta kilichozungushwa, akaanza upya kutoka sehemu ya ishirini na tatu. Ile iliyoitwa mama ya nyingine zote ikamalizika kabla ya adhana ya alasiri, bila kelele. Ikaja ya ishirini na nne. Tsuma alikwenda uani kumwita mkewe ashuhudie namba ikibadilika, naye akaja na mwiko mkononi, akaona, akasema “Hongera,” akarudi jikoni. Magharibi ilikuwa arobaini na tisa.

Alhamisi asubuhi walipofungua duka ilikuwa sehemu ya tisini na saba. Tsuma alikuwa na macho mekundu na shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu.

“Iliyobaki ni ya sura,” alimweleza. “Madirisha, picha, mausi kutembea, rangi. Bila hiyo ni weusi na maandishi tu. Hiyo ndiyo nzito. Tukipewa mpaka Jumamosi…”

“Hatupewi mpaka Jumamosi.”

Kadzo alifika saa tatu kasoro dakika kumi, jambo ambalo Everlyn aliliona kuwa ukosefu wa adabu. Aliamkiana na Bi Mbeyu kwa urefu, wakaulizana habari za Tiwi na za watu wawili waliokufa, kisha akaingia dukani, akaweka mkoba juu ya meza na kutoa fomu. Alikuwa na pikipiki iliyomngoja nje, na mwenye pikipiki hakuzima injini.

“Haya. Nionyesheni.”

Tsuma alimwonyesha. Alizungumza kwa dakika saba kuhusu msimbo wa wazi, uhuru wa mtumiaji na umri wa mashine, huku mistari ikipanda nyuma yake. Kadzo alisikiliza kwa upole wa mtu aliyekwisha kusikia visingizio vya kila aina na anakiweka hiki miongoni mwa vile vizuri.

“Kwa hiyo haijaisha,” alisema.

“Asilimia sabini.”

“Bwana Tsuma, sifundishi wasichana asilimia sabini. Ripoti inaondoka saa sita leo. Ukunda kuna mtu ana mashine kumi na ameniandikia barua mara tatu.” Akashusha kalamu, akasema kwa sauti ya chini kidogo, bila kumwangalia yeyote. “Sikilizeni. Mimi si adui yenu. Kama mngekuwa na kitu chochote kinachowaka, kisicho na ule mstari kwenye kona, ningeandika nilichokiona. Sina muda wa kuangalia nyuma ya pazia.”

Alitoka nje kupokea simu. Tsuma alikuwa akikitazama kidole chake cha shahada kama kwamba kimemfanyia kosa.

“Dakika ishirini kila mashine,” alisema hatimaye. “Alikwambia hivyo Waziri, sivyo? Tukianza sasa, kabla ya saa sita ziko tano.”

“Wewe ndiye unayesema hivyo?”

“Nasema nini sasa? Nilale hapa niangalie muuza chipsi akipima ukuta? Mwite. Nitatoka nikae nyuma nisimwone.”

“Na mama?”

“Mama haangalii kona.”

Everlyn alimtazama mumewe. Siku tatu alikuwa amemchukia kwa kutong’oka kwenye stuli ile, na sasa alipoona ameng’oka, hakupenda alivyoonekana. Aliiona fomu ya Kadzo pale juu ya meza. Akaivuta, akaisoma, kwa namna anavyosoma karatasi yoyote anayoletewa achape: kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kidole chini ya neno.

Kadzo alirudi akamkuta nayo mkononi.

“Hiyo ni ya ofisi, mama.”

“Naona. Imeandikwa: mashine tano zinawaka. Mfumo ni halali. Mwanafunzi anaweza kuandika barua, kuihifadhi na kuichapa.” Akaigeuza. Nyuma ilikuwa tupu. “Ndiyo yote?”

“Ndiyo yote.”

“Wapi pameandikwa picha?”

“Picha zipi?”

“Madirisha. Mausi. Rangi.”

Kadzo aliichukua fomu, akaisoma mwenyewe, pengine kwa mara ya kwanza mwaka huo. “Hapajaandikwa. Lakini inaeleweka.”

“Baba Jecinta,” Everlyn alisema, “hizo tisini na sita zilizokwisha, zina nini ndani?”

“Zina kila kitu cha msingi. Kiini. Diski inasomeka. Kibodi…”

“Cha kuandikia kimo?”

“Kimo. Lakini ni cha maandishi matupu, kwenye skrini nyeusi.”

“Cha kuchapa kwenye printa?”

“Ya themanini na moja. Ilimalizika alfajiri.” Alianza kuona anakokwenda, akasimama katikati yake na mashine. “Mama Jecinta, ngoja. Huwezi kuikata hapo. Hii ya tisini na saba ina saa mbili za kazi ndani yake, ukiikata zinapotea. Na hautakuwa mfumo. Utakuwa… utaonekana kama kitu kilichoharibika. Watu watacheka.”

“Wiki nzima wanacheka. Wamezoea.”

“Wasichana wataona weusi mtupu wataogopa,” Kadzo alisema.

“Mimi nilijifunza kwa taipureta, madamu. Haikuwa na skrini kabisa. Niliogopa mwalimu tu.” Akamgeukia mumewe. Hakupandisha sauti. “Tulikuwa tumemaliza alfajiri, baba Jecinta. Tunachongoja hapa ni mapambo. Ondoka kwenye stuli.”

“Niache imalize hii moja tu.”

“Ondoka.”

Tsuma aliondoka. Si kwamba alikubali. Alisogea kama mtu anayempisha mwenye jeneza. Everlyn alikaa, akavuta kibodi karibu, akaweka vidole mahali pake.

“Ni vitufe gani vya kukatisha?”

Alimwambia. Akavibonyeza. Mistari ikasimama katikati ya neno, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu feni ya mashine ile ikapungua, hadi wakaisikia injini ya pikipiki nje.

Akaizima, akaiwasha. Skrini ikawa nyeusi muda ambao Tsuma alihesabu kwa midomo. Kisha chini kushoto ikatokea alama moja nyeupe, ikimeta, ikingoja mtu aandike.

“Chukua kebo,” Everlyn alimwambia, “uanze kunakili kwenye ile ya mlangoni.” Akanyanyuka, akaifuta stuli kwa upindo wa leso, akaivuta nyuma kidogo. “Kaa hapa, madamu. Andika barua, mwombe mtu yeyote kazi yoyote. Mimi natia karatasi kwenye printa.”

Kadzo alimtazama, akaitazama skrini. Akaketi, akatafuta herufi ya kwanza.